Sura ya Tisa: Tumbo la Fungo

Barua ile ilikuwa na duara la chai katikati, na duara lile lilikuwa la kikombe chake mwenyewe.

Sajenti aliikuta Alhamisi asubuhi, saa mbili na robo, alipokuwa akitafuta pini ya kubania jalada. Droo ya juu haikuwa na pini. Droo ya pili ilikuwa na kila kitu ambacho ofisi ya upelelezi haipendi kukiona: kalamu zilizokauka, soli ya kiatu, funguo za pingu ambazo pingu zenyewe zilipotea zamani. Chini kabisa ndipo ilipolala karatasi hiyo, imekunjwa mara mbili. Hakuhitaji kuikunjua ili aijue. Alikuwa ameshaisoma. Siku kumi na sita zilizopita aliisoma amesimama, akacheka, akamsomea konstebo wa zamu naye akacheka, kisha akaiweka mezani na kutua kikombe juu yake.

Sasa aliisoma amekaa.

“Kwa Mkuu wa Upelelezi. Nimeletewa fungo dume, mzima wa mwili, amekufa kwa sumu. Ameokotwa bondeni, nyuma ya nyumba za walinzi wa msitu, Jumapili alfajiri. Nimemchuna, ngozi ni nzuri. Tumbo lake nimelitia kwenye spiriti kwa kuwa lina kitu ambacho nadhani polisi mngependa kukiona. Msichelewe, chupa zangu ni chache. Mhifadhi wa vielelezo vya wanyama, Jumba la Makumbusho.”

“Konstebo,” aliita.

“Naam, Sajenti.”

“Nyumba za walinzi wa msitu ziko ngapi?”

“Si zile nne tu? Ya tatu si ndiyo ya yule bibi wetu?”

Sajenti akalivuta jalada. Jalada lililokosa pini lilikuwa la bibi huyohuyo. Bibi alikuwa akiishi na mwanawe, mlinzi wa msitu, pamoja na mke wa mwanawe, mjamzito wa miezi saba. Jumamosi moja jioni watatu hao walikula chungu kimoja cha maharage. Hivyo ndivyo mume alivyosema, na mke akasema hivyohivyo. Saa mbili baadaye bibi akatapika mpaka tumbo likabaki tupu, akatokwa na povu, akafa. Hospitali ikasema ni sumu ya panya, ile ya punje nyeusi. Pakiti yake, imetumika nusu, ilikutwa jikoni nyuma ya gunia la mkaa. Muuzaji akamtambua mnunuzi: yule mkamwana. Na mkamwana hakukana.

“Nilitumwa na mama,” alisema. “Alisema panya wanamsumbua.”

“Na mama mwenyewe hayupo wa kutuambia,” Sajenti alimjibu siku ile, akaandika. Majirani walishasema wawili hao hawakuwa wakipikika chungu kimoja, kwamba waliwahi kununiana wiki nzima kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Kesi ilijipanga yenyewe kama sahani kabatini. Jumatatu mkamwana akaingia mahabusu, Jumanne barua ya fungo ikafika. Kesho, Ijumaa saa tatu, gari lingempeleka gereza kuu la wanawake, mwendo wa kutwa, na jalada lingeenda kwa mwendesha mashtaka. Mtoto angezaliwa hukohuko.

Wahenga waliosema majuto ni mjukuu hawakufanya kazi ya polisi. Kwa polisi majuto ni pacha. Mnazaliwa naye siku moja, ila yeye anachelewa kulia.

Akachukua kofia.

*

Chumba cha vielelezo kilikuwa nyuma ya makumbusho, baada ya choo cha wageni. Kilinuka spiriti na dawa ya nondo. Kuta tatu zilikuwa droo tu, ndefu, nyembamba, na droo moja ilikuwa wazi: komba, kanu na vicheche wamelala kifudifudi kwa mistari, wamejazwa pamba mpaka machoni, kila mmoja na kikaratasi mguuni, kama wanafunzi wa bweni waliolala kabla ya kengele.

Mama mwenye chumba alikuwa mfupi, mpana, miwani imefungwa uzi. Mji mzima ulimwita Mama Mafuvu na mwenyewe alikuwa akiitika.

“Kumi na sita,” alisema kabla ya salamu. “Siku kumi na sita! Huyu fungo angekuwa hai angeshakuja kituoni kwa miguu yake kuwaulizeni kulikoni.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa. Si hapo, hapo amekaa nguchiro.”

Sajenti akahamia kiti cha pili. Mama Mafuvu akamwangalia kidogo, akaona kitu usoni, akaacha utani. Alishusha chupa kutoka rafu ya juu, akamimina spiriti kwenye bakuli kupitia chujio, akatandaza kilichobaki kwenye sinia jeupe. Kisha akamkabidhi kikaratasi.

“Soma lebo kwanza. Mimi naandika lebo kabla sijanawa mikono. Mnyama asiye na lebo ni kitambaa tu.”

Lebo ilisema siku, saa, mahali, jina la aliyeokota, fundi cherehani wa bondeni, na kwamba mwili ulikuwa bado haujakakamaa miguuni.

“Kwa hiyo alikufa usiku wa kuamkia Jumapili.”

“Karibu na asubuhi. Sasa tazama. Fungo ni mlafi. Hatafuni, anameza kama mtu anayefukuzwa. Hawa ni jongoo. Hizi mbegu za mapera. Na hiki?”

Alikivuta kwa kibanio kitu cha kijivu chenye urefu wa kidole.

“Utumbo,” alisema Sajenti.

“Wa nani?”

“Wa fungo.”

“Bibie, siku ukiumeza utumbo wako mwenyewe uniite niandike lebo. Huu ni wa mnyama mwingine. Na nywele zake hizi hapa, ngumu, bapa, kama majani ya mfagio. Ndezi. Panya mkubwa wa matete, unamjua?”

“Namjua. Watu wanamla.”

“Watu wanamla sana, na huyu aliliwa na watu. Shika lenzi. Ncha za nywele zikoje?”

Sajenti akainama. “Zimejikunja. Zimeungua.”

“Alibabuliwa motoni. Na mwisho wa utumbo?”

“Umekatwa sawasawa.”

“Fungo ana meno, hana kisu. Mtu alimchinja ndezi, akambabua, akatupa asichotaka. Fungo akapita nyuma akafagia. Haya. Sasa tufungue bahasha iliyo ndani ya bahasha.”

Akachukua mkasi mdogo, akaupasua ule utumbo kwa urefu. Ndani mlikuwa na uji mweupe wa muhogo uliotafunwa laini. Ndani ya uji mlikuwa na punje nyeusi, ndogo kama mbegu za mchicha. Sajenti alizihesabu. Kumi na moja.

Mama Mafuvu akaweka mkasi chini.

“Punje ziko ndani ya utumbo wa ndezi,” Sajenti alisema taratibu, kama anayetembea kwenye ubao mwembamba. “Hazikumwagwa juu. Ndezi alikula sumu kwanza. Alikuwa ameshakula kabla ya kuchinjwa.”

“Ndivyo.”

“Na watu waliokula nyama yake?”

“Mimi si daktari wa watu. Wangu wote wanakuja wamekufa.” Akavua miwani. “Ila hii dawa ina haraka. Ndezi anaanguka kabla haijamwenea. Mtu akila paja lililochemshwa vizuri, pengine tumbo litamsokota, pengine asisikie kitu. Dawa yenyewe inabaki hapa,” akagusa sinia, “tumboni. Sasa mtu akila tumbo lenyewe, na likiwa la kuchoma, limeoshwa juu juu, punje zimekwama kwenye mikunjo...”

Akavaa miwani tena.

“Mtu mzee,” alisema Sajenti.

“Mzee ndiyo kabisa.” Kisha akauliza, “Kuna mtu ndani kwa ajili ya hili?”

“Yuko. Mjamzito.”

Mama Mafuvu alilirudisha tumbo kwenye chupa polepole, akakaza kifuniko, akakikaza tena.

“Ningekuja mwenyewe,” alisema. “Hapa na kituoni ni hatua mia tatu. Nilijiambia, si nimeshaandika?”

*

Saa nne Sajenti na konstebo walikuwa nyuma ya nyumba ya tatu. Mume alikuwa kazini, mlango umefungwa, lakini Sajenti hakuwa na haja na nyumba. Alikuwa na orodha yake ya siku ya upekuzi. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, amesimama kwenye matuta ya muhogo, mpaka kwenye mstari wa kumi na nne.

“Sanduku la marehemu, limefungwa kwa kufuli, ufunguo kwenye pindo la kanga aliyovaa. Ndani: kanga sita, picha ya harusi, makopo ya dawa ya kuchua magoti, manane, matupu, hayana vifuniko.”

“Konstebo, wewe kopo tupu unalihifadhi la nini?”

“La kuwekea vitu.”

“Bila kifuniko?”

Konstebo akakuna kisogo. “Basi labda alikuwa anataka vifuniko, makopo ndiyo yamebaki.”

“Siku ile uliniambia hivyo?”

“Siku ile hukuniuliza, Sajenti.”

Kweli hakuuliza. Aliandika manane, hayana vifuniko, akapiga mstari chini, akageuza ukurasa.

Waligawana matuta, yeye juu, konstebo chini kwenye uzio wa matete, palipoliwa zaidi. Mihogo ya huko ilikuwa imefukuliwa, mashina yametafunwa kwa pembeni, mikato miwili miwili, kazi ya meno mapana. Kifuniko cha kwanza alikiona konstebo. Kilikuwa cha bati, cha bluu, kimewekwa chini ya jani ili mvua isikiguse. Ndani yake kulikuwa na vipande vya muhogo vilivyokatwa mraba, vimekauka na kujikunja, na juu yake punje nyeusi. Sajenti alikinusa kwa mbali. Baada ya siku zote zile kilikuwa bado kina harufu kali ya dawa ya magoti.

Walipata vinane. Saba vilikuwa na chambo. Cha nane, kilichokuwa mwisho kabisa karibu na tundu la uzio, kilikuwa kitupu, kimelambwa kikang'aa.

“Bibi aliwatega mwenyewe,” alisema konstebo. “Yule binti alisema kweli. Alitumwa.”

“Pima umbali kutoka kwenye uzio. Andika.”

“Lakini Sajenti, kama bibi alijua kuna sumu huku, alikulaje ndezi?”

“Hakujua ametoka huku.”

“Nani hakumwambia?”

“Andika umbali, konstebo.”

*

Mlinzi wa msitu alikuwa kwenye kibanda cha lango, chini ya bango lenye picha za wanyama wa msitu ule: paa, pimbi, kakakuona, fisi maji, kila mmoja na jina lake, na chini kwa herufi nyekundu MARUFUKU KUWINDA. Alikuwa mwembamba zaidi kuliko wiki mbili zilizopita. Alisimama haraka.

“Afande. Amejifungua?”

“Bado. Kaa.”

Akakaa. Sajenti akavuta kigoda, akafungua daftari.

“Jumamosi ile mlikula nini?”

“Nilishasema, afande. Maharage.”

“Nani alipika?”

“Mke wangu.”

“Maharage yana manyoya?”

Mlinzi hakucheka. Sajenti akaweka mezani kikaratasi cha lebo, kisha juu yake unywele mmoja wa ndezi uliobanwa kati ya vioo viwili. Mtu aliyefanya kazi ya msitu miaka tisa hahitaji lenzi. Aliutazama, akatazama bango, akatazama lango kama kuna mtu anayekuja.

“Nitafukuzwa,” alisema. “Nyumba yenyewe ni ya kazi.”

“Nakusikiliza.”

“Sikumwinda. Naapa. Nilimkuta jioni, nje ya uzio wetu, anayumba, amelewa kama komba. Mnyama mkubwa, kilo tano, sita. Nikasema, hii si kuwinda, hii ni kuletewa. Mama alikuwa hajala nyama tangu mwezi uanze. Nikamchinja, nikambabua bondeni watu wasione moshi. Nikaosha kwenye kijito.”

“Ulitupa nini?”

“Miguu, kichwa, matumbo membamba.”

“Tumbo?”

“Tumbo nilikung'uta tu, nikasuuza.”

“Ulitazama kilichokuwa ndani?”

“Jua lilikuwa limeshazama, afande. Nilikuwa na haraka.”

“Nyama mlikula wote?”

“Wote. Chungu kimoja. Ndiyo maana sikuona sababu ya kuitaja. Ingekuwa nyama si tungekufa sote? Mimi nilikula, mke wangu alikula. Sikupata hata kichefuchefu.”

“Mama yako alikula nini ambacho nyinyi hamkula?”

“Hakuna. Alikula kama—”

Akasita.

“Alikula nini?”

“Tumbo,” alisema. “Na ini. Mama hana meno ya nyuma, nyama ya paja inamsumbua, lakini tumbo la kuchoma analipenda kuliko... Alikuwa analipenda. Mke wangu hakutaka hata kulinusa, mimba imemkatisha hamu ya utumbo. Nikamchomea mwenyewe kwenye mkaa. Nikamkatia vipande vidogo vidogo kwenye kisahani. Mama alifurahi, afande. Alisema mwanangu leo umenikumbuka.”

Sajenti alikuwa anaandika. Kalamu ilifika mwisho wa mstari ikasimama, kwa sababu sauti ya mlinzi ilikuwa imebadilika.

“Alisema lina uchungu.”

“Nani?”

“Mama. Kipande cha pili. Alisema, hili mbona lina uchungu? Nikamwambia ni nyongo, mama, imepasuka nikichinja. Kula tu.” Alikuwa akiutazama ule unywele. “Akala. Alikuwa hapendi kunivunja moyo.”

Nje mtu alipita na baiskeli, akasalimu, hakujibiwa.

“Yule ndezi alikuwa hajalewa,” alisema mlinzi.

“Hapana.”

“Alikula nini?”

Sajenti akamwambia. Alimwambia kwa mpangilio, kifuniko kwa kifuniko, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kusema. Alipofika kwenye cha nane, mlinzi alinyoosha mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu.

“Nifunge.”

“Kwa kosa gani?”

“Andika lolote.”

“Hakuna aliyemwua mama yako. Weka mikono chini, kuna swali jingine. Mke wako nimemhoji mara nne. Mara zote nne amesema maharage. Nani alimwambia aseme hivyo?”

“Mimi. Usiku uleule, kabla hamjafika.”

“Ulimwambiaje?”

“Nilimwambia ukitaja nyama mimi nafungwa, tunatolewa nyumbani, mtoto anazaliwa barabarani. Wewe huna hatia, hawatakufanya kitu.”

“Akanyamaza siku kumi na saba. Anajua angeniambia habari ya nyama ningeanza kuuliza upya. Na wewe siku zote hizo ulidhani nani amemwua mama yako?”

Mlinzi hakujibu.

“Naandika kimya chako, au naandika jibu?”

“Wewe ndiye uliyeniambia, afande,” alisema, na hakuwa na hasira hata kidogo; ingekuwa nafuu angekuwa nayo. “Ulikaa hapohapo ulipokaa. Ukaweka pakiti mezani. Ukasema muuzaji amemtambua, ushahidi hauna ndugu. Mimi ni darasa la saba. Nikasema kama sajenti amesema, mimi ni nani? Chakula nikapeleka mara mbili, za kwanza. Baadaye sikwenda tena.”

Sajenti aliandika swali na jibu, neno kwa neno, pamoja na hilo la ushahidi kutokuwa na ndugu. Akamsomea. Mlinzi akatia sahihi pole pole, herufi za mtoto wa shule. Kabla hajaondoka akamwambia afunge lango, apite nyumbani, achukue nguo za mkewe, aje nazo kituoni.

*

Mkuu wa kituo alisoma yote amesimama dirishani, kuanzia saa nane mpaka karibu saa tisa. Alipiga simu mbili, kwa hakimu na kwa mwendesha mashtaka. Kisha akashika karatasi moja kwa ncha za vidole.

“Hii yenye chai nayo inaingia?”

“Inaingia, mkuu. Kielelezo namba tisa.”

“Tumbo la fungo linatosha. Vifuniko vinatosha. Hii haimsaidii mtu. Watakuuliza ilipokelewa lini.”

“Tarehe nimeandika juu. Na nimeandika ilikaa wapi.”

“Sajenti, unajichimbia.”

“Yule dada amekaa ndani siku kumi na sita kwa sababu ya hiyo karatasi, mkuu. Siwezi kumwachia mlango nikamfichia sababu.”

Mkuu aliirudisha karatasi juu ya jalada. Akaweka mhuri.

Mkamwana alikuwa amekaa ukutani, miguu ameinyoosha kwenye kipande cha boksi, vifundo vimejaa. Mlango ulipofunguliwa hakuinuka.

“Gari si kesho, afande?”

“Hakuna gari. Unatoka.”

Sajenti akachuchumaa ili wasiongee mmoja juu mwingine chini. Akamweleza. Mkamwana alisikiliza mkono ukiwa tumboni, akitingisha kichwa mahali alipopajua na kutulia mahali asipopajua. Kwenye kisahani cha tumbo la kuchoma alifumba macho.

“Masikini mama,” alisema. “Na alivyokuwa anasifia. Alinibakizia kipande, nikakataa.”

“Ungeniambia habari ya nyama...”

“Ungeniamini?”

Sajenti alilitafakari swali kweli, si kwa adabu. “Sijui,” alisema. “Kile cha kutumwa na mama sikukiamini, na kilikuwa kweli. Nimekukosea. Nimeandika hivyo kwenye jalada, lakini jalada hutalisoma, kwa hiyo nakwambia mwenyewe.”

Mkamwana akatikisa kichwa kidogo, hakusema amesamehe. Alishika ukuta, akashika bega la Sajenti, akasimama.

“Mume wangu yuko wapi?”

“Yuko mbele, kwenye benchi. Amekuletea nguo.”

“Anajua yote haya?”

“Nimemwambia leo mchana.”

“Mpaka leo mchana alikuwa anajua nini?”

Hapo Sajenti akajua swali linakoelekea. “Mimi ndiye niliyemwambia ni wewe,” alisema. “Nilimpelekea pakiti kazini kwake. Nilimwambia ushahidi—”

“Sijauliza nani alimwambia, afande. Nimeuliza kama aliamini.”

Huko koridoni konstebo alikuwa akikokota ndoo. Waliisikiliza wote wawili mpaka ikafika.

“Aliamini,” alisema Sajenti.

Mkamwana alijifunga kanga upya, akaikaza juu ya tumbo, akavaa ndala zake moja baada ya nyingine.

“Mimi nilikuwa naogopa kuongea usingizini,” alisema. “Nisije nikataja nyama, wenzangu wakasikia, naye akafungwa.” Akafuta uso kwa pindo. “Kituo hiki kina mlango mmoja tu?”

“Kuna wa jikoni. Unatokea barabara ya sokoni.”

“Dada yangu anakaa hukohuko sokoni. Nipitishe huo.”

“Nguo zako?”

“Nitavaa za dada.”

Sajenti alimshika mkono kwenye ngazi tatu za jikoni, kwa sababu ya vile vifundo, akasimama mlangoni mpaka alipokata kona. Hakugeuka. Alitembea kama wanavyotembea wajawazito, nyuma kidogo ya tumbo lake.

Mbele, mlinzi alisimama mara tu alipoona kofia. Alikuwa na mfuko wa nguo, na mkononi raba za kiume, kubwa, zimeoshwa.

“Nimeleta zangu,” alisema. “Nimefikiri miguu itakuwa imevimba, zake hazitamwingia. Anakuja?”

“Ameondoka.”

“Ameondokaje? Mimi si niko hapa mlangoni?”

Sajenti akavua kofia. Mlinzi akamtazama, kisha akatazama koridoni, mpaka mwisho, palipokuwa na mwanga wa mlango wa jikoni.

“Umemwambia,” alisema.

“Aliniuliza.”

Alikaa tena kwenye benchi, raba mapajani, akaanza kuzikunja kamba ndani kwa ndani, vizuri, kama mtu mwenye siku nzima. Sajenti alizunguka kaunta, akafungua daftari la mahabusu. Aliandika tarehe. Aliandika saa: kumi na dakika ishirini. Aliandika: ameachiwa huru, hana hatia. Palipoandikwa “Amepokelewa na,” alishika kalamu muda mrefu, akapaacha wazi.